Aliyekula Ukingo wa Shimo la Mlezi Mkuu

Katika nchi yetu hakuna mtu anayepokea kitu cha bure bila kukigeuza kwanza aone chini yake, na mwenye tabia hiyo kuliko wote ni serikali. Kwa hiyo ilipofika habari kwamba chama cha watazama nyota wa ughaibuni kimeliita shimo moja la Mwezini kwa jina la Mlezi Mkuu wetu, hakuna aliyepiga vigelegele. Baraza la Mawaziri liliitwa asubuhi hiyohiyo, milango ikafungwa, na wahudumu wa chai wakapekuliwa wakiingia na wakitoka.

Swali la kwanza liliulizwa na Kamishna Ndimbo, mkuu wa Usalama, mtu ambaye chai yake huonjwa kwanza na dereva wake.

"Lipo upande gani?"

Waziri wa Mashimo na Mabonde, Profesa Daktari Injinia Tindwa, akajibu kwamba lipo upande wa kisogo, ule ambao Mwezi haujawahi kuugeuzia dunia.

"Haujawahi?"

"Hata mara moja."

"Unaficha nini?"

Hakuna aliyejua. Kikao kikaazimia kwamba Mwezi unaficha kitu.

Nusu ya mawaziri walisema hii ni dharau. Kupewa shimo mgongoni mwa Mwezi, walisema, ni sawa na kualikwa harusini halafu ukakalishwa jikoni na wapika pilau. Lakini Waziri Tindwa alilihitaji lile shimo. Wizara yake ilikuwa haijapata shimo lolote tangu iundwe, kwa kuwa yale ya barabarani yote yalikuwa chini ya Wizara ya Ujenzi. Akasimama, akakohoa kisomi.

"Waheshimiwa, mambo makubwa hayaonekani kwa macho. Mpango wetu wa Maendeleo, nani kati yenu amewahi kuuona? Na upo! Maji ya bomba, nani ameyaona? Na yapo, yako njiani! Leo tunapewa shimo lisiloonekana, halafu tunasema si letu? Hilo ni letu kuliko mengine yote!"

Makofi yakapigwa. Shimo likatangazwa kuwa wilaya. Mkuu wa Wilaya akateuliwa, akapewa nyumba hapa mjini karibu na bahari, na posho ya mazingira magumu.

*

Sherehe ilifanyika uwanja wa taifa. Tulipelekwa kwa malori, kila mtaa na mjumbe wake, na aliyebaki nyumbani ilibidi aeleze kwa nini. Katikati ya uwanja palisimamishwa picha kubwa kama ukuta wa ghala, imefunikwa shuka ya kijani. Mlezi Mkuu mwenyewe akavuta kamba.

Nitasema nilichokiona. Lilikuwa shimo kuukuu. Kingo zake zilikuwa zimelika, upande mmoja hakuna ukingo kabisa, na ndani yake mashimo mengine madogo yalikuwa yamejipigia kambi bila kibali. Ukilitazama ulikumbuka sufuria la msibani lililopikiwa na vizazi vinne na kukwanguliwa na wajukuu. Mtu wa kawaida angepita juu yake bila kujua amepita shimoni.

Waziri Tindwa akaitazama picha, kisha viatu vyake. Mlezi Mkuu alisimama na kamba mkononi.

Hapo ndipo shemeji yangu Lubasha alipofungua mdomo. Lubasha amemwoa mdogo wangu Nyamizi, na anauza supu ya kongoro nyuma ya machinjio. Ni mtu mwenye kifua kikubwa na sauti ya kuitia wateja toka mtaa wa pili.

"We Mndolo!" alimpigia kelele Mlezi Mkuu. "Unashangaa nini hapo? Kingo zote tumezila sisi Wasuruta! Babu yangu alianzia kushoto, mimi nimemalizia kulia kwa supu! Hicho kitundu kilichobaki tumewaachia nyie Wandolo mkanywee uji!"

Msomaji kama huna watani, pole. Sisi tunao. Wandolo na Wasuruta walipigana zamani mpaka wakachoka, wakaona kutukanana kunachosha kidogo kuliko kuuana. Tangu hapo Msuruta ana ruhusa ya kuingia kwa Mndolo, kuepua chungu chake mekoni na kumwita mwizi mbele ya wakwe zake. Mndolo naye ana haki moja tu, ya kujibu kwa tusi kubwa zaidi. Akinuna, si Mndolo. Hiyo ndiyo sheria, na ni ya zamani kuliko Katiba, kwa kuwa haijawahi kufanyiwa marekebisho.

Mlezi Mkuu ni Mndolo. Imeandikwa katika vitabu vya shule. Kuna watu wanaonong'ona kwamba alizaliwa ng'ambo ya mto, akaletwa mgongoni. Mimi sijasema.

Watu walicheka, Mungu wangu, walicheka. Kikosi cha Furaha, ambacho hukaa jukwaa la mashariki na kuchangamka kwa ishara ya kitambaa, kilibaki kimeduwaa hakijui kama zamu yake imefika. Kisha sote tukamtazama Mlezi Mkuu ajibu. Nilikuwa karibu. Niliona pembe ya mdomo wake ikitikisika, kama mtu aliyeuma kiazi cha moto asitake ijulikane. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtani aliyeruhusiwa kumkaribia, na Kamishna Ndimbo, ambaye si wa pande hizi na kwao hawana watani, alikuwa ameshainama sikioni mwake.

"Mtukufu, amekiri," alisema Ndimbo. "Mbele ya uwanja mzima."

Uso wa Mlezi Mkuu ukafungwa kama duka. Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwa herufi kubwa kwamba Mlezi Mkuu Amenuna.

*

Walikuja kumchukua Lubasha akiwa anachochea moto. Waliandamana na mtaalamu wa mashimo kutoka wizarani, kijana wa watu mwenye suti na mita ya kamba. Akakuta shimo la choo, shimo la taka na shimo alilofukia mbwa wao. Akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Huyu mtu ana mazoea," alisema.

Majivu ya mekoni yalitiwa kwenye mfuko wa nailoni, yakaandikwa kuwa vumbi la Mwezi. Na sufuria la supu likachukuliwa pamoja na supu yake. Supu haikufika kituoni.

Nilipopata ruhusa ya kumwona mahabusu, alinisimulia alivyohojiwa. Aliyemhoji alikuwa Ndimbo mwenyewe.

"Ulipandaje kule?"

"Kwa ngazi, afande."

"Ngazi iko wapi?"

"Nimemwazima baba yako. Anaezekea banda la kuku."

"Shemeji," nilimwambia, "huyu si mtani wako. Huyu hajui."

"Sasa nifanyeje? Kinywa kikishachemka kinatoa mvuke."

Asubuhi iliyofuata ngazi zote za mji zilikusanywa. Fundi mmoja aliyekuwa juu ya paa la kanisa alibaki hukohuko mpaka Jumapili, wakawa wanampandishia ugali kwa kamba, na waumini wanasema siku ile ibada ilikuwa na uzito wake. Baba yake Kamishna naye aliitwa kuhojiwa. Alikuwa na banda la kuku kweli, na lilikuwa limeezekwa upya. Mambo yakawa mabaya kwa mzee.

Tangu hapo kuutazama Mwezi kukawa jambo la kujieleza. Watu walitembea wameinamisha shingo kama waliopoteza sindano. Shehe alipotangaza kwamba mwezi umeandama, maofisa wawili walimfuata kwa adabu wakamuuliza ameuona upande gani.

*

Tume ikaundwa. Ilimwita mtaalamu wa miamba kutoka chuo kikuu, Profesa Wakaliza, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kikao kilirushwa redioni ili wananchi tujifunze.

"Shimo hili limechakaa kwa uzee," alieleza profesa. "Lilichimbwa na jiwe kubwa lililoanguka toka angani. Baadaye mawe mengine yameanguka juu yake, makubwa kwa madogo, mpaka kingo zikasagika."

"Yalirushwa na nani?" aliuliza mwenyekiti.

"Hayakurushwa. Yalianguka yenyewe."

"Profesa, katika nchi hii hakuna kinachoanguka chenyewe. Hata wapinzani huangushwa."

"Lakini ni mawe, Mheshimiwa."

"Shimo lina umri gani?"

"Karibu miaka bilioni nne."

Tulisikia makaratasi yakifunuliwa. "Kwa hiyo ni kabla ya Uhuru."

"Kabla kidogo, ndiyo."

"Unataka kutuambia hujuma hizi zilianza enzi za mkoloni?"

Profesa akanyamaza. Tume ikaandika kwamba amenyamaza kwa namna ya kutia shaka, na redio ikaweka muziki.

Kwa upande wao Wasuruta walisoma upepo. Foleni ilianza ofisi ya uandikishaji wa makabila kabla jua halijachomoza. Mzee aliyekuwa akijisifu ukoo wake ulianzisha Wasuruta alitoka mle ndani akiwa mtu wa milimani. Binamu zake Lubasha, watu watano wenye pua moja, walitoka makabila matano. Hata mama aliyekuwa anatufundishia watoto ngoma za Kisuruta alisema zile zilikuwa mazoezi ya viungo.

*

Kosa lilikuwa uhaini, na uhaini kwetu ni kamba. Mimi na Nyamizi tulikaa benchi la mbele. Wakili ambaye serikali ilimpa Lubasha alianza kwa kumwomba radhi jaji kwa kuwepo kwake, akaketi.

Ungedhani jambo ni rahisi, mtu aseme ulikuwa utani, kila mtu aende nyumbani. Nami nilidhani hivyo mpaka Nyamizi alipopanda kizimbani kutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka alimjia taratibu, kama paka anayejua panya hana pa kwenda.

"Mama, unasema mumeo alikuwa anatania."

"Ndiyo, baba. Kila mtu anajua."

"Utani kati ya nani na nani?"

"Msuruta na Mndolo."

"Mndolo akitaniwa na Msuruta, hununa?"

"Hanuni. Akinuna si—" Nyamizi akajikamata mdomo.

"Malizia, mama. Akinuna si nani?"

Nyamizi aliinama kufunga kanga yake upya.

"Gazeti linasema Mlezi Mkuu alinuna," aliendelea yule bwana. "Je, gazeti limedanganya? Au Mlezi Mkuu si Mndolo? Chagua, mama. Wewe ulikuwepo. Alinuna au hakununa?"

"Mimi nilikuwa namtazama mume wangu," alisema Nyamizi.

Akashuka. Na hapo hata mimi niliyeishia darasa la tano nilielewa. Kama ulikuwa utani, basi kiongozi alinunia utani, na ule mnong'ono wa ng'ambo ya mto ni kweli. Ili Mlezi Mkuu aendelee kuwa Mndolo, ilibidi Lubasha awe amekula kweli ukingo wa shimo la Mwezini. Hapakuwa na njia ya tatu.

Jaji Kalembo, mzee mwenye usingizi, akamuuliza Lubasha kama ana la mwisho la kusema.

"Sina, Mheshimiwa," alisema Lubasha. "Ninyongeni tu. Ila nina swali. Siku yule Mndolo wetu atakapofariki..."

Watu waliinama chini ya mabenchi. Kitenzi kile hakitumiki kwa mtu yule.

"...nani atamchimbia kaburi?"

Kila Mndolo anajua habari hiyo, na jaji alikuwa Mndolo. Kaburi la Mndolo huchimbwa na Msuruta. Akishachimba hulala mwenyewe humo kupima urefu, anamsema marehemu maovu yake yote, anadai kuku, na asipopewa hatoki. Mndolo aliyezikwa na mwingine hakubali kwamba ameshakufa. Jioni anarudi nyumbani, anakaa kwenye kiti chake, anauliza chakula.

"Msuruta yeyote atachimba," alisema mwendesha mashtaka.

"Yupi?" aliuliza Lubasha.

Karani akatumwa ofisi ya uandikishaji. Alirudi akihema. Katika nchi nzima alikuwa amebaki Msuruta mmoja, na alikuwa kizimbani, anajikuna shingo.

Jaji akaahirisha ili akanywe maji. Alikunywa maji hayo kwenye simu kwa muda mrefu sana. Aliporudi usingizi ulikuwa umemtoka.

"Mshtakiwa ana hatia. Atanyongwa mpaka afe. Kwa kuzingatia mahitaji ya taifa, hukumu itatekelezwa siku inayofuata mazishi ya mtu ambaye hatakufa kamwe."

Nyamizi alinishika mkono. "Kaka, wamesema nini? Wamemwachia au wamemuua?"

Mpaka leo natafuta jibu.

*

Lubasha alihamishiwa nyumba ndogo nyuma ya Ikulu. Ana kitanda cha springi na daktari wake, na analazimishwa kula mayai. Kila Ijumaa hupelekwa kwa Mlezi Mkuu ili Mtukufu ajionee kwamba mchimbaji ana afya. Sisi huruhusiwa kumtembelea mara mojamoja. Siku moja mlinzi alipotoka kidogo, alituita karibu, akashusha ile sauti yake.

"Jana aliwatoa walinzi wote nje. Tukabaki wawili. Nikajua leo kazi ipo. Akanitazama weee, halafu akasema, 'Nyie Wasuruta makaburi yenu mafupi. Mnabania udongo mkafinyangie vyungu.'"

"Mlezi Mkuu?" niliuliza.

"Yeye! Nami nikamwambia, hatufupishi makaburi, ni miguu yenu mirefu, imerefuka kwa kukimbia wageni wakati wa kula. Shemeji, alicheka mpaka akashika meza. Akafuta machozi kwa bendera ndogo ile ya mezani. Ananijibu, namjibu. Mndolo halisi yule, nakuapia! Hakuzaliwa ng'ambo ya mto wala nini."

Nyamizi alikuwa hacheki. "Kwa hiyo alijua ni utani?"

"Tangu uwanjani. Alisema kidogo jibu limtoke."

"Basi akuachie!"

"Nilimwambia. Akasema akiniachia ina maana ulikuwa utani. Ukiwa utani, ina maana alinunia utani. Na akinunia utani..."

"Si aseme hakununa? Aseme alicheka?"

"Alisema hawezi. Gazeti lilishaandika."

Mlinzi akarudi, na Lubasha akaanza kulalamikia mayai kwa sauti kubwa.

*

Basi katika nchi yetu kila mtu humwombea Mlezi Mkuu maisha marefu. Shuleni huombewa kwa filimbi, maofisini kwa zamu, na mkutano wowote usiofunguliwa kwa dua hiyo huhesabiwa haujafanyika. Lakini ukitaka kusikia dua yenyewe, njoo nyumbani kwetu. Nyamizi hupiga magoti sakafuni mpaka magoti yanachubuka. Anaomba figo za Mlezi Mkuu, anazitaja moja moja, ya kulia na ya kushoto. Anaomba presha yake ishuke, ikishashuka anaomba isishuke mno. Jirani mmoja wa chama alimsikia dirishani, akaenda kumripoti. Alisema yule mama anaomba kwa namna isiyo ya kawaida.

Juzi Mlezi Mkuu alikuwa anahutubia taifa redioni kuhusu mafanikio ya wilaya mpya. Alikuwa amefika kwenye idadi ya zahanati zilizojengwa huko shimoni alipokohoa. Akaendelea. Akakohoa tena, kikohozi cha chini, kile kinachotoka tumboni. Akaomba maji. Kisha redio ikaweka muziki.

Nilikuwa sokoni. Muuza nyama alisimamisha panga hewani. Hakuna aliyemtazama mwenzake machoni. Ila mama mmoja aliyekuwa ananunua mchele wa siku moja akamwambia muuzaji, taratibu, aongeze. Na nyuma yake mwingine naye akasema aongezewe. Kisha watu wote wakakumbuka wana kazi nyumbani. Milango ikafungwa mtaa mzima, na nyuma ya kila mlango kulikuwa na redio iliyowashwa kwa sauti ndogo.

Nyamizi alikuwa ameshatwanga tangawizi. Akachemsha, akatia asali, akajaza chupa ya chai, akajifunga kanga. Nilimfuata maana nilijua nikimzuia hatazuilika. Tulitembea kwa miguu mpaka lango la Ikulu. Ndimbo mwenyewe alikuwa getini.

"Nini hiyo?"

"Dawa ya kikohozi, baba. Ya Mlezi Mkuu. Anywe ikiwa moto."

Kamishna alifungua chupa, akainusa. Akamtazama Nyamizi toka kanga mpaka ndala.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe. Nataka apone."

"Unataka apone."

"Ndiyo, baba. Apone kabisa."

Ndimbo alifunga chupa polepole, akaiweka chini mbali na mguu wake.

"Mama, nchi hii ina watu milioni kumi na tisa," alisema. "Wote wamesikia kile kikohozi. Mbona umekuja wewe peke yako?"

Nyamizi akageuka kuitazama barabara tuliyojia. Nami nikageuka. Ilikuwa nyeupe, hakuna hata mbwa.